Semina ya kusudi imeniacha na karatasi tupu

KaraniWaMasijala

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa. Naomba mnivumilie, najua nimeandika kirefu.

Mwezi uliopita kanisani kwetu kulikuwa na semina ya siku 3 kuhusu kusudi la Mungu katika maisha ya mtu. Siku ya mwisho tuligawiwa karatasi moja moja. Juu imeandikwa "Mungu aliniumba ili..." na chini yake mistari mitatu ya kujaza. Tukaambiwa tuandike bila kufikiri sana, kwa sababu anayelijua kusudi lake hahitaji kufikiri. Kushoto kwangu kijana wa kwaya akaandika kwamba aliumbwa kuyafikia mataifa kwa nyimbo. Kulia kwangu mama mmoja mfanyabiashara akajaza mistari yote mitatu, akaomba karatasi ya pili. Mimi nilishika kalamu tu hadi mkusanyaji akanifikia. Nikaikunja, nikaichomeka kwenye Biblia. Bado imo, kwenye kitabu cha Ayubu. Sikuchagua, ndipo palipofunguka.

Nina miaka 41. Ni karani wa masijala hospitalini, huu ni mwaka wa 14. Mgonjwa anafika dirishani na kadi yake, nasoma namba, naingia katikati ya rafu, natoka na faili. Jioni mafaili yanarudi, nayapanga. Kesho yake yanatoka tena. Kompyuta zimekuja, lakini habari za zamani bado ziko kwenye makaratasi, na wagonjwa wa zamani ndio wanaougua sana. Hiyo ndiyo kazi yangu. Hakuna aliyewahi kutoa ushuhuda ibadani kwamba Mungu alimtumia karani wa masijala.

Nyumbani niko na mama yangu. Alipata kiharusi miaka 3 iliyopita. Upande wa kulia umelala na maneno yake yamebaki machache. Mchana mdogo wangu anakaa naye, usiku ni zamu yangu. Naamka kumgeuza ubavu ili asitoke vidonda. Kwa hiyo mazoezi ya kwaya niliacha, ushemasi nilipoombwa nilikataa, na mikesha siiwezi. Nikiombewa, watu husema, "Mungu akufungulie mlango." Nami husema amina, huku najiuliza, mlango wa kwenda wapi? Nikitoka mimi, mama anabaki na nani?

Kilichonisukuma kuandika ni mwenzangu mmoja. Tulianza kazi pamoja, dirisha moja. Mwaka jana aliacha, sasa anahubiri huku na huku, na kwa kweli Mungu anamtumia, siwezi kukana. Alipita kunisalimia akaniambia, kwa upendo kabisa, "Mpendwa, ndani yako kuna kitu kikubwa, usijizike kwenye mafaili." Akanikumbusha yule mtumwa aliyefukia talanta. Tangu siku hiyo, nikiingia katikati ya rafu mbili nahisi kama naingia shimoni na jembe mkononi.

Maswali yangu ni mawili. Kusudi langu nitalijuaje? Na je, mtu anaweza kuwa ameokoka, anaomba, anasoma Neno, na bado akafa hajalitimiza? Nakiri naogopa. Siogopi kuhukumiwa, naogopa kufika mbele za Bwana na karatasi tupu.

Tafadhali msiniambie "omba tu". Ninaomba.

---

SautiYaAlfajiri

Amina, dada. Umesema tusikuambie uombe, lakini siwezi kukudanganya, hakuna njia ya mkato. Funga siku 3, weka daftari karibu na kitanda, kila ndoto iandike. Simama na Yeremia 29:11, Yeye anayajua mawazo anayokuwazia. Adui huwa hapigani na mtu asiye na kitu. Hiyo vita unayoiona ni dalili kwamba jambo kubwa linakuja. Pokea!

---

Mdadisi77

Wamekujazisha karatasi ya maswali. Subiri semina ijayo, watakuuzia majibu.

---

KaraniWaMasijala

Hapana, kaka, tusifike huko. Mwalimu aliyetufundisha alikuwa mtu mnyenyekevu na siku ya pili alifundisha juu ya maombi hadi nikalia. Taabu ni yangu mimi na ile karatasi.

---

MchomeleajiMzee

Binti yangu, nina miaka 63 na mikono yangu imejaa vidoa vya cheche. Ni mchomeleaji wa vyuma. Ushauri umeshapewa, mimi acha nikusimulie ujinga wangu.

Nikiwa na miaka 34 niliambiwa mkutanoni, mbele ya watu, kwamba mimi si mtu wa chuma, ni mtu wa madhabahu. Nililia sana. Wiki hiyohiyo nikauza mashine yangu ya kuchomelea pamoja na vifaa vyake vyote, nikaanza huduma. Tulikuwa watu 11, na watano kati yao walikuwa wa nyumbani kwangu. Nilidumu miaka 2 na miezi. Muda wote huo aliyekuwa akitulisha ni mke wangu kwa cherehani yake, usiku, wakati mimi nimejifungia chumbani naomba nijulishwe hatua inayofuata. Simlaumu aliyenitabiria. Masikio yalikuwa yangu, na yalikuwa yamengoja kusikia maneno kama hayo kwa muda mrefu.

Nikarudi kuajiriwa kwenye karakana ya mtu, nachomelea kwa kofia ya kuazima. Kazi ya kwanza ilikuwa kingo za ngazi ya nje, ghorofa tatu. Mwenye karakana akaniambia kila kiungo nikishike kwa nukta mbili tu, rangi itafunika. Na kweli ingefunika. Kiungo cha nukta mbili na kiungo kilichochomelewa mzunguko mzima vikishapakwa rangi ni pacha. Utavitofautisha siku mtoto atakapoegemea. Nikavizungusha vyote. Nikachelewa siku moja na nusu, nikagombezwa, na ile siku ya ziada sikulipwa. Hakuna malaika aliyenitokea kunipongeza.

Ila ndipo nilipoanza kusoma Biblia upya, nikiwa na hasira kidogo, nilitafute hilo neno kusudi lililonigharimu mashine. Warumi 8:28, walioitwa kwa kusudi lake. Waefeso 1:11, kusudi lake yeye. 2 Timotheo 1:9, makusudi yake yeye. Lake, lake, yake. Kusudi lililoandikwa jina langu juu sikuliona. Kusudi ni la Mungu, na hakulificha: sura hiyohiyo ya kwanza ya Waefeso inasema anavijumlisha vitu vyote katika Kristo. Mimi nimeunganishwa humo kama kipande. Kipande changu kinashikilia nini, anajua mwenye ramani. Nondo haijazishwi fomu.

Halafu soma Luka 8. Yule mtu wa nchi ya Wagerasi, aliyekuwa akilala makaburini, alipofunguliwa alimsihi Yesu afuatane naye. Hebu fikiri, nani angekuwa na ushuhuda kumshinda huyo? Anaomba kujitoa kabisa, aache vyote, apande chombo na Bwana. Yesu akakataa. Akamwambia arudi nyumbani kwake, akasimulie huko. Sijawahi kumsikia mtu huyu akitajwa kwenye semina za kusudi, hata mimi nilipokuwa nahubiri sikumtaja.

Na ukirudi nyuma hadi Luka 3, watoza ushuru na askari wanamwuliza Yohana Mbatizaji, nasi tufanye nini? Kazi zao zilijaa dhuluma na kila mtu alijua. Angeweza kuwaambia waziache. Akawaambia wa kwanza wasitoze kuzidi walivyoamriwa, na wa pili wasimdhulumu mtu, wasishitaki kwa uongo, watosheke na mshahara wao. Jibu dogo mpaka linaudhi.

Hiyo Yeremia 29:11 aliyokupa ndugu hapo juu ni neno zuri, lakini ni barua iliyoandikwa kwa mateka huko Babeli, na mstari wa 10 unataja miaka 70. Wengi waliosomewa barua ile walikufa hukohuko ugenini. Wakati wanangoja waliambiwa wafanye nini? Mstari wa 5 mpaka wa 7: jengeni nyumba mkae, pandeni bustani, oeni, mzae, utakieni amani mji ule. Yaani mambo ya kila siku, katika mji ambao hawakuuchagua.

Kuhusu talanta, msome vizuri yule aliyefukia. Alisema mwenyewe kwa nini: alimwona bwana wake ni mtu mgumu, akaogopa. Udogo wa talanta yake haukutajwa kama kosa. Na linganisha mstari wa 21 na wa 23 wa Mathayo 25, mwenye tano na mwenye mbili walisifiwa kwa maneno yaleyale, hakuna lililopunguzwa. Kwako wewe jembe naliona, binti yangu, lakini silioni kwenye mafaili. Naliona kwenye huo woga.

Sasa nami nikuulize la kazini. Faili likipotea hapo kwenu, wewe hufanyaje?

---

MwanafunziWaNeno

Namheshimu mzee na nimejifunza, lakini naomba nitie breki kidogo.

Tusiifanye Luka 8 kuwa sheria. Amosi alikuwa mchungaji wa mifugo na mtunza mikuyu, Bwana akamtwaa kutoka nyuma ya kundi. Elisha alikutwa analima, akawachinja ng'ombe na kupika nyama kwa miti ya nira yao. Huyo hakuacha hata kitu cha kumrudisha shambani. William Carey alikuwa fundi viatu kabla hajaenda India kama mmisionari mwaka 1793. Kila fundi viatu akiambiwa "rudi kwenye viatu vyako", nani ataenda?

Lakini mchukue Mwingereza mwingine wa enzi zilezile, William Wilberforce. Alikuwa mbunge kijana. Imani ilipomkamata sawasawa mwaka 1785 alianza kufikiri kuacha siasa kwa ajili ya Mungu, akamwendea kwa siri mchungaji John Newton, ambaye zamani alikuwa nahodha wa meli za watumwa. Newton akamshauri abaki bungeni. Sheria ya kupiga marufuku biashara ya watumwa ilipita mwaka 1807, yaani miaka 22 baadaye, baada ya kushindwa, kurudia na kushindwa tena. Nchi moja, kizazi kimoja, mmoja akatoka na mwingine akabaki. Kwa hiyo anayekuambia "toka" au "baki" bila kujua maisha yako anabahatisha, hata kama anakupenda.

La pili linanigusa zaidi. Maneno ya "mtumikie Mungu hapohapo ulipo" yamewahi kutumiwa na wakubwa kuwanyamazisha wadogo. Ile Wakolosai 3:23 tunayoibandika ukutani maofisini, "lo lote mfanyalo, lifanyeni kwa moyo", Paulo aliwaandikia watumwa. Lakini Paulo huyohuyo, 1 Wakorintho 7:21, anamwambia mtumwa kwamba akiweza kuwa huru, autumie uhuru huo. Kama mtu kazini analazimishwa kughushi, au ananyonywa, akiondoka hajamwasi Mungu. Dada hakusema hivyo, ila wapo wanaosoma uzi huu kimya kimya.

La mwisho ni mama. Dada, umemwandika kama kizuizi, kama sababu ya kutoweza kumtumikia Mungu. Soma Marko 7:10 mpaka 13. Kulikuwa na watu waliosema, kile ambacho ningemsaidia nacho baba au mama ni Korbani, yaani wakfu kwa Mungu. Yesu alisema wanalitangua neno la Mungu. Inawezekana kabisa mtu kumkimbia mama yake kwa kutumia madhabahu. Mimi ni mwanafunzi wa theolojia, na kila likizo nikiitwa nyumbani nasingizia huduma. Najua ninachokisema.

---

KaraniWaMasijala

Shikamoo, baba. Ahsante nawe, mwanafunzi. Nimesoma mara mbili, mara moja kazini wakati wa mapumziko na mara moja hapa ukingoni mwa kitanda cha mama. Hiyo ya Korbani nimeisoma miaka yote nikidhani ni habari za Mafarisayo.

Nijibu la faili. Kwanza nikurekebishe, baba, kwetu faili halipotei. Huwekwa pasipo pake. Likikaa hata rafu moja kando, ni sawa na lililoungua, ingawa mmo nalo chumba kimoja. Kwa hiyo mimi huwa silitafuti faili, namtafuta aliyelipanga. Mwenzetu mmoja 4 yake inafanana na 9, kwa hiyo naenda kwenye 9. Mwingine akichoka anageuza tarakimu mbili za mwisho, 27 inakaa kwenye 72. Mimi mwenyewe nikiwa sijalala naruka rafu moja chini. Najua makosa ya kila mtu kama ninavyojua mwandiko wake, nao wanayajua yangu. Tukikosa kabisa, utaratibu unaruhusu kufungua faili la muda, na wengi huishia hapo kwa sababu foleni dirishani haingoji. Mimi sifungui la muda mpaka nimemaliza njia zote. Wananiita Mchimbaji, na si kwa kunisifu.

Hakuna aliyewahi kuniuliza swali hilo, ndiyo maana nimeandika kirefu tena.

Na nikiwa naandika nimekumbuka kitu. Kuna usiku aliletwa mzee hajitambui. Aliyemleta alikuwa jirani, hana kadi, ana jina tu. Jina nikalikuta, faili jembamba, jipya, karatasi moja ndani. Nesi akalichukua akaondoka. Yule jirani aliyebaki dirishani akasema, "Huyu ni mtu wenu wa miaka mingi." Ikanikaa vibaya. Mtu wa miaka mingi hawezi kuwa na karatasi moja. Maana yake lile ni la muda, mtu alichoka kutafuta, na la kweli liko mahali. Nilihangaika kama dakika 20. Nikalikuta limeanguka nyuma ya rafu, limesimama wima kati ya mbao na ukuta. Juu ya jalada, kwa wino mwekundu: ana mzio wa penisilini. Nikakimbia nalo wadini. Nesi akasoma jalada, akaenda kwa daktari bila kunisemesha.

Sikupata kujua kama walikuwa wameshampa, au walitaka kumpa, au wala haikuwa dawa waliyoifikiria. Masijala haturudishiwi habari, tunarudishiwa mafaili. Lile lilirudi baada ya siku 9 likiwa limenenepa. Nikaliweka mahali pake.

Msinielewe vibaya, sisemi kwamba basi hilo ndilo kusudi langu na nimelipata. Usiku mmoja katika miaka 14! Nikiuhesabu hivyo, nitaanza kungoja usiku mwingine wa namna ile na kuzidharau Jumatatu zote. Na Jumatatu ndizo nyingi. Nimeandika tu kwa kuwa nilikuwa nimesahau, na nashangaa nilisahauje.

Baba, la pili hukunijibu. Mtu anaweza kufa hajalitimiza?

---

MchomeleajiMzee

Marahaba, binti yangu. Sikulijibu kwa sababu linanisumbua hata mimi, na mimi niko karibu kuliko wewe.

Najua hili: anaweza kufa hajaliona. Waebrania 11 inawataja watu kwa majina kisha inasema hao wote walikufa katika imani wasijazipokea zile ahadi. Musa alionyeshwa nchi kwa macho akaambiwa hataingia. Daudi alitamani kujenga hekalu, akazuiwa. Alichofanya ni kukusanya vifaa, mawe, chuma cha misumari, mierezi, akamwachia kijana wake. Soma 1 Nyakati 22, chuma kimetajwa, usifikiri sikukiona. Na bado Matendo 13:36 inasema juu ya mtu huyo aliyezuiwa kwamba aliisha kulitumikia shauri la Mungu katika kizazi chake, ndipo akalala. Haisemi alimaliza kila alichokitaka. Inasema alitumikia, na katika kizazi chake.

Na maneno ya huyu kijana wa theolojia ni ya kweli, ingawa niliyasoma nimenuna. Kama Bwana atakutwaa kutoka nyuma ya rafu kama alivyomtwaa Amosi nyuma ya kundi, utaondoka, na mimi sitakuwa na neno. Ila hutajitwaa mwenyewe.

Jambo moja tu sikulipenda. Usiku ni zamu yako, umesema, miaka 3. Peke yako? Hapo kanisani kuna watu wangapi walioandika kwamba waliumbwa kuwahudumia wengine? Mwombe mmoja. Usione haya. Mimi nilimwachia mke wangu cherehani miaka 2, nikaita imani.

---

SautiYaAlfajiri

Mzee, sikujua hilo la miaka 70. Nitasoma sura yote leo. Dada, nisamehe kama niliharakisha.

---

KaraniWaMasijala

Hujanikosea chochote, mpendwa. Na nitafunga hizo siku 3, nikipata likizo, maana kazini na njaa naruka rafu.

Jana baada ya ibada nilimfuata yule mama mfanyabiashara wa karatasi mbili. Nilikuwa namwogopa, anaonekana mtu wa haraka sana. Nikamwambia kwa kifupi habari za usiku. Akaniuliza maswali kama mtu anayepokea mzigo wa duka: anakula nini, anameza dawa saa ngapi, anaita vipi akitaka kitu kama maneno hayatoki. Atakuja kulala kwetu Alhamisi, na kama itakwenda vizuri, kila Alhamisi. Akasema nimwandikie kila kitu, hapendi kukisia.

Sikuwa na karatasi nyingine karibu. Nimeitoa ile kwenye Ayubu, nyuma yake ni nyeupe. Nimeandika: saa 4 usiku mlaze ubavu wa kushoto. Saa 6, chali, mto chini ya mashavu ya miguu ili visigino visiguse godoro. Saa 8, ubavu wa kulia, lakini usimwache muda mrefu, huo ndio upande uliolala na hatakuambia ukimuuma. Saa 10, kushoto tena. Akigonga ukingo wa kitanda mara moja ni maji, mara mbili ni choo, akigonga ovyo ovyo anataka tu mtu akae karibu.

Inakaribia saa 6, ngoja nikamlaze chali.